Vibanio Vitatu vya Mwalimu

"Leo Mwalimu hakufanya kitu. Alikaa na penseli tu, sisi tukipiga kazi."

Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe kwenye daftari langu, miaka kadhaa imepita. Wiki hii nimeyasoma tena, na sikupata usingizi mzuri. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi si mtu wa kuandika habari za watu. Shule niliachia darasa la saba, na daftari huwa naandika mvua imenyesha, mtoto amepona homa, unga umepanda. Nikikosea humu, kosa ni langu, lisiwe lake.

Tulimwita Mwalimu. Zamani alifundisha kupiga taipu kwenye chuo kimoja, mpaka chuo kikaziondoa zile mashine za chuma kikaleta kompyuta na walimu wengine. Hapo akatoka, akafungua ofisi yake Bofu, hapo Likoni, chumba kimoja kilichopakana na kinu cha kusaga unga. Alizaliwa wapi, binti wa nani, sijui. Likoni watu hujuana kwa koo zao, na mimi nilikuwa mtu wa kuja kutoka Kaloleni, nikaona si adabu kuuliza. Aliniajiri nifagie, nichemshe chai, nipeleke barua za watu walikotaka zipelekwe. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo.

Ofisi yetu ilichapa kila kitu. Makubaliano ya kuuziana shamba, ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule. Mwalimu alikuwa amenunua programu ya kuandikia na kupanga kurasa, ya halali, kwenye boksi lake. Boksi lenyewe alilitunza kabatini, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisiingie vumbi la unga. Ndani mlikuwa na kadi yenye namba ndefu, na chini ya namba, maneno ya Kizungu ambayo kila mfanyakazi mpya alisomewa kwa Kiswahili siku ya kwanza kama mtu anayesomewa masharti ya nyumba ya kupanga: ruhusa hii ni ya kompyuta tatu.

Ofisi ilikuwa na kompyuta nne.

Sasa hapo ndipo vibanio vilipoingia. Kompyuta zetu zilikuwa za mitumba, na zilikufa ovyo. Vumbi la kinu na hewa ya chumvi vilizila taratibu. Ikifa moja, Mwalimu aliitoa programu humo kwanza kama bado inawaka, kisha akaiweka kwenye nyingine. Kuwa mwangalifu na jambo hilo alijifunza kwa uchungu: kompyuta ikizikwa na ruhusa yake ndani, ile kampuni iliendelea kuihesabu kama iko hai. Basi ili asisahau ni zipi zenye ruhusa, alichukua vibanio vitatu vya nguo, vya mbao, akavibana kwenye waya wa kibodi wa kila kompyuta yenye programu. Ruhusa ikihama, kibanio kinahama. Kompyuta isiyo na kibanio ilikuwa ya kuskani na kuangalia matokeo ya mitihani kwenye mtandao, basi.

Wateja walicheka. Kuna baba mmoja, muuza samaki, aliuliza, "Mwalimu, siku hizi mnaanika kompyuta?"

Akajibiwa na Mwanaidi, karani wa kwanza, mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Tunazikausha baba. Jana ulizirushia mate ukisimulia habari za mke mwenzio."

"Mke mwenzangu? Mimi mwanamume!"

"Ndiyo nikashangaa na mimi."

Karani wa pili alikuwa Otieno, kijana wa bara, hodari sana wa mashine. Huyo vibanio vilimuudhi. Siku moja alikuja na flashi shingoni, akaiweka mezani mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, hii ni kitu ya dakika tano. Iko na programu yote, na kufuli imeshavunjwa. Naweka hiyo ya nne, tunakuwa sawa. Town mzima wanatumia hii. Hakuna mtu atatoka ng'ambo aje Likoni kuhesabu kompyuta."

Mwalimu aliitazama ile flashi bila kuigusa. "Mimi niko Likoni, Otieno. Na kuhesabu najua."

"Lakini ni bure."

"Kilichohesabiwa kina mwenyewe."

Huo ulikuwa msemo wake. Aliusema juu ya programu, juu ya karatasi za kuchapia, juu ya vijiko vya sukari. Alikuwa na mwingine, "Mashine haina haya, wewe unayo," na huo aliusema mtu alipotaka kuandikiwa uongo. Na walikuja wengi. Kijana alitaka barua ya kuonyesha amefanya kazi hoteli ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mwalimu alimwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atamwandikia barua ya kweli: kwamba hajawahi kufanya kazi popote na yuko tayari kuanza leo. Kijana aliondoka akitusi. Sijui kama alipata kazi. Laiti ningeweza kusema alirudi kushukuru, lakini hakurudi.

Nisimpake mafuta lakini. Mambo yake hayakulingana yote. Mtu huyu aliyekataa programu ya kuvunjwa kufuli alitoa fotokopi vitabu vizima vya shule, jalada hadi jalada, kwa watoto wasio na uwezo, na kila kitabu kilikuwa kimeandikwa mbele kwamba ni marufuku kukinakili. Nilimuuliza mara moja, nikiwa nimeshika ufagio. Aliendelea kugeuza kurasa, kisha akasema, "Hilo ni baina yangu na Mola wangu, Karisa. Fagia." Na mpwa wake, mtu mvivu aliyelala mchana kwenye benchi letu mpaka wateja wakakosa pa kukaa, Mwalimu alimwandikia barua ya sifa kwa mkono wake mwenyewe: mchapakazi, mwaminifu, huamka mapema. Mwanaidi aliisoma kwa sauti, tukacheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Alisema kumsifu mtu si uongo, ni kumwombea.

Na alikuwa mkali. Alimsema Mwanaidi mbele za wateja kwa nukta moja iliyokosewa. Siku moja alimrudisha nyumbani Otieno kwa kuchelewa, na siku ile ile yeye mwenyewe alikuwa amechelewa kuliko Otieno. Naandika hayo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata yasije yakasomwa kama habari za malaika.

Jambo alilolipenda kuliko yote ni kupiga chapa. Nasema kupenda, si kujua tu. Alikaa wima, mabega chini, macho kwenye karatasi, na vidole vikaenda vyenyewe kwa sauti moja laini isiyokatika, kama mtu anayepeta mchele. Hakutazama kibodi. Watoto wa jirani walikuja kusimama mlangoni kumwangalia. Ukimletea kazi ya kurasa ishirini, Mwanaidi aliguna, Otieno akatafuta njia ya mkato, yeye akavua bangili, akaziweka kwenye kisahani, akaanza. Kisahani kile kikisikika tu, tulijua Mwalimu yuko na raha.

Mimi nilijifunza kwa kuiba, kama ni wizi. Kompyuta ya Mwanaidi ilikuwa tupu alipokwenda kusali adhuhuri na alasiri, na ya Otieno alipokwenda kula. Mwalimu aliniruhusu nikae pale, kwa kuwa kibanio kilikuwepo na ruhusa ni ya kompyuta, si ya makalio. Maneno hayo ni ya Mwanaidi. Yeye alinambia, "Karisa, nikirudi nikute kiti kina moto na kazi imekwisha." Mwalimu alisimama nyuma yangu, akaninyoosha mgongo kwa kidole kimoja, akafunika kibodi kwa gazeti nisione herufi. Nilitumia mwaka mzima wa dakika za sala na za chakula. Mwishoni nilikuwa napiga chapa vizuri. Sijisifu. Yeye alisema hivyo, na yeye hakuwa mtu wa kumwombea kila mtu.

Kisha kazi yangu ikaisha. Hakuna aliyeifuta, iliisha tu yenyewe. Watu walianza kutuma barua zao kwa simu, na mtu wa kupeleka karatasi kwa miguu akawa hana karatasi. Kufagia chumba kimoja si kazi ya mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Mwalimu aliniita akanieleza bila kuzunguka. Shule kadhaa za Likoni zilikuwa zimekubali kumpa mitihani yao yote aichape, na kazi hiyo ilihitaji mpiga chapa wa nne. Akanitaka mimi. Lakini mpiga chapa wa nne alihitaji kompyuta ya nne yenye programu, na lile boksi halikuuzwa tena. Mpya iliuzwa kwa mwaka, kwa mtandao, na kompyuta zetu kuukuu hazikuiweza.

"Kwenye kadi kuna namba ya simu," alisema. "Wapigie. Waeleze tunazo tatu, tunaomba ya nne. Wakikubali, kiti ni chako. Wakikataa, mwisho wa mwezi tutaagana kwa wema."

Kuagana kwa wema nilijua maana yake. Ni kurudi Changamwe kwenye maghala, kubeba magunia, kazi iliyokwisha kuniharibu mgongo mara moja. Nilikuwa nimetoka huko nikijikokota.

Nilitoka na simu mpaka uani, mbali na kelele ya kinu. Otieno alinifuata mpaka mlangoni. Hakushusha sauti, hajui kushusha sauti. "Msikilize huyo mama wa mashine. Atakuuliza programu umeweka kwa kompyuta ngapi. Sema moja. Kila mtu husema moja, nimesema hii wiki mzima. Ukisema ingine, umejimaliza, bro."

Nikapiga. Alijibu mama wa Kizungu, sauti ya kurekodiwa, haina haraka wala hasira. Akanitaka nibonyeze namba za kwenye kadi, nikabonyeza. Kisha akauliza lile swali. Programu hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi?

Nilikaa na kidole hewani kama mtu anayejaribu jiko kama limepoa. Jibu la kweli nililijua, lilikuwa limebanwa kwenye waya tatu humo ndani. Nilimwona mke wangu. Niliona ngazi ya ghala na gunia. Nikabonyeza moja.

Yule mama hakushtuka. Akaanza kunisomea tarakimu za kuifungulia programu, fungu baada ya fungu, nami nikaziandika nyuma ya bahasha.

Mwalimu alikuwa bado ameketi nilipoingia. "Wamekubali?"

"Wamekubali, Mwalimu."

Aliichukua bahasha. Aliitazama muda mrefu kuliko tarakimu zile zilivyohitaji. Hakuuliza walisema nini. Hakuuliza mbona upesi hivyo. Alinirudishia, akasema, "Basi kaiweke," akaenda kutawadha.

Baada ya sala alitoa kibanio kwenye mkoba wake akanipa nikibane kwenye waya wangu. Cha mbao, kama vingine. Nilidhani amevuka kwenye duka la mbele kukinunua, maana pale vinauzwa kwa dazeni. Mwanaidi alinipigia kigelegele. Otieno alinikonyeza, nikatazama pembeni.

Kesho yake tulipofika, kompyuta ya Mwalimu ilikuwa imefunikwa leso, kuanzia kioo mpaka kibodi. Leso kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. "Macho yanachoka," alisema. "Kuanzia leo nitasahihisha kwenye karatasi." Akachonga penseli.

Na hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka mwisho. Sisi tulipiga chapa, tukachapisha, yeye akasoma na kutia alama. Otieno alisema Mwalimu amepandishwa cheo, sasa ni bosi wa penseli. Mwanaidi alisema wengine huzeeka miguu, wengine huzeeka macho, yeye amezeeka kazi. Tulisema hayo akiwa amekwenda benki, lakini tuliyasema, na mimi nilicheka. Usiku nikaandika ile sentensi. Lazima niwe mkweli: nilifurahi kuiandika. Nilikuwa nimemwongopea, na ni rahisi kumbeba mtu uliyemwongopea ukimwona mvivu.

Kitu kimoja nilikiona na sikukielewa. Akiwa anasubiri karatasi kutoka kwenye printa, vidole vyake viligonga ukingo wa meza. Si kidole kimoja kama mtu mwenye haraka. Vyote kumi, kwa mpango, kwa sauti ile ile ya kupeta mchele. Nilidhani ni uzee.

Mara moja kazi ilitulemea. Mwanaidi alikuwa mgonjwa, na mitihani ya shule nzima ilitakiwa saa nane mchana. Nilimwambia, "Mwalimu, funua yako leo. Soma kwa karibu tu, tusaidiane."

"Yangu imelala."

"Tuiamshe."

"Karisa, kaa kwenye kiti chako."

Akavuta kigoda, akakaa ubavuni pangu, akanisomea maswali moja moja na mimi nikipiga, mpaka tukamaliza. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, chini ya buibui, na buibui lilikuwa likitikisika.

Kuhusu mimi, sitasema niliteseka kila siku. Mtu huzoea. Lakini simu ya ofisi ikilia nilikuwa wa kwanza kunyanyua kichwa, nikidhani ni kampuni. Akiingia mgeni aliyechomekea shati vizuri, nilitazama waya wangu. Na nilikipenda kiti kile. Nilisomesha watoto kwa kiti kile. Yote mawili ni kweli, sijui kuyatenganisha.

Ofisi haikufungwa kwa kishindo. Kila mtu alipata simu inayoandika barua, shule zikanunua printa zao, kazi ikanywea kama kisima wakati wa kiangazi. Otieno alirudi bara, Mwanaidi akaolewa Kiembeni, na miezi michache baadaye Mwalimu naye akahamia Kiembeni kwa binti yake. Siku ya mwisho alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu alitoa leso kwenye kompyuta yake, akaikunja mara nne, mimi nikaibeba mashine mpaka kwenye mkokoteni. Kibanio sikukiona kwenye waya. Nilidhani kimeanguka mahali. Cha kwangu nilikitia mfukoni.

Sasa nafanya kazi ya uandishi kwenye shule ndogo Ziwa la Ng'ombe. Ijumaa mkuu wangu aliniita. Shule imenunua programu ya kupanga ratiba na alama, na ruhusa yake ni ya kompyuta mbili. Kompyuta tunazo tano.

"Weka zote, Karisa," alisema. "Wewe ni mtu wa kazi hizi. Kuna namna ya kuizungusha, sivyo?"

"Ipo."

"Basi. Nani atajua?"

Si mtu mbaya. Ana walimu watano wanaogombea ruhusa mbili. Nilimwomba siku mbili, naye akanipa huku akinishangaa. Jumamosi nikaenda Kiembeni.

Nilikwenda kukiri. Nilitaka kulitua jambo moja kabla sijabeba la pili.

Binti yake alinikaribisha barazani akarudi jikoni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, amekuwa mdogo. Uso wake ulinielekea lakini macho yalipita pembeni yangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Karisa."

"Karisa wa ufagio au Karisa wa kompyuta?"

"Wote wawili, Mwalimu."

Alicheka, akapapasa mkeka nikae. Nilimuuliza hali ya macho. "Yamekwenda," alisema. "Niliyasingizia, na yenyewe yakasikia." Sikuelewa, nikadhani ni mzaha wa wazee. Tukaulizana wa nyumbani, nikampa habari za watoto, chai ikaletwa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kila kitu: uani, Otieno mlangoni, yule mama wa kurekodiwa, kidole changu. Nilisema nilimwongopea na nikala mkate wa uongo huo miaka yote.

Alisikiliza kama alivyowasikiliza wale waliotaka barua za uongo, mpaka mwisho.

"Alikuuliza ngapi, ukabonyeza moja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nilibonyeza tatu."

"Lini, Mwalimu?"

"Niliwapigia kabla yako. Siku mbili kabla. Nikabonyeza tatu, akanipeleka kwa kijana, mtu hai wa kuzungumza naye. Nikamweleza naomba ya nne. Kijana mwenye adabu, wallahi. Akanambia haiwezekani, mama."

"Sasa mbona ukanituma?"

Jikoni binti yake alikuwa akikaanga kitu, mafuta yakalia, yakatulia. Mwalimu alizungusha kikombe mkononi.

"Kwa sababu nilimsikia Otieno akikufundisha. Si siku ile tu, wiki nzima alikuwa akilisema. Nilijua utajibu nini. Nilitaka ubaki, na ulimi wangu haukuweza kulisema neno lile, nikatuma kidole chako." Akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo usije hapa kunambia uliniongopea. Tuliongopa wawili. Wewe kwa kubonyeza, mimi kwa kunyamaza. Na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu."

Nilijaribu kumkasirikia, nadhani nilikuwa na haki kidogo. Hasira haikuja. Nilichoka tu.

"Tena," alisema, "vibanio vilikuwa vingapi?"

"Vinne."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto. Cha Mwanaidi. Cha Otieno. Changu. Nikafika kidole cha nne, nikaiona ile leso, waya mtupu kwenye mkokoteni, na kibanio kikitoka kwenye mkoba wake baada ya sala.

"Adhuhuri ile ile niliitoa yangu," alisema. "Uongo uliusema asubuhi. Ilipofika mchana kompyuta zilikuwa tatu, kama kadi ilivyosema. Zaidi ya hapo sikuweza."

"Ungenambia, Mwalimu."

"Ningekuambia, ungekikalia kile kiti kwa upande mmoja. Nilikuwa nimekufundisha kukaa wima."

Mikono yake ilikuwa magotini. Niliitazama, na safari hii nilijua ninatazama nini. Nilifikiri kurasa zote zile tulizopiga sisi watatu mbele yake, miaka, yeye na penseli. Nilitaka kumweleza niliyoyaandika kwenye daftari, nikaona nitakuwa namtwisha mzigo mwingine ili mimi niende mwepesi. Sikumwambia. Sijui kama nilifanya sawa.

Nilipokuwa naaga nilimweleza habari ya mkuu wangu, ruhusa mbili, kompyuta tano. Nilimuuliza nifanye nini.

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi mara ya mwisho nilikutuma." Kisha, nilipokwisha vaa viatu, akaita, "Lakini kuhesabu unajua, Karisa."

"Najua, Mwalimu."

Kesho nitamwambia mkuu ni mbili, na hao watatu waliobaki nitawapangia zamu kwa mkono. Hatapenda. Pengine atatafuta Otieno mwingine, na wapo wengi, na pengine na mimi nitatafuta kazi. Nyumbani kibanio changu kipo, mke wangu hufungia mfuko wa chumvi. Nimemwomba anirudishie, amenitazama kama mtu aliyepigwa na jua, lakini amenirudishia.

Nimelifungua daftari mahali pale. "Leo Mwalimu hakufanya kitu." Sikuifuta, kwa sababu niliiandika, na iliyoandikwa na mimi ibaki na mimi. Chini yake nimeongeza: Vibanio vilikuwa vitatu.